Mkono wa Igoki

Watu wakinisikia nikifoka huniuliza kama mimi ni Mmeru. Mimi ni Mwembu wa hapa hapa, na hasira zangu ni zangu mwenyewe, sikuziazima kwa mtu. Mmeru wa darasa letu ni Gatwiri, mwalimu msaidizi, msichana wa Muthara, na huyo ni mpole hadi watoto humpanda mgongoni akinywa chai. Nayasema haya mapema ili tukifika pale nilipoharibu mambo usiseme hukuambiwa.

Nafundisha watoto wa miaka mitano katika shule ndogo ya kanisa, pale mtaa wetu wa Dallas unapoishia na migomba inapoanza. Kila mwaka tulikuwa tunabandika ukutani ile chati ya herufi inayouzwa madukani: tufaha, pweza, nyumba ya barafu. Watoto wangu hawajawahi kuuma tufaha, na pweza wakimwona watakimbia. Wanachojua ni kuku, ng'ombe, na wale ndege yangeyange weupe wanaomfuata ng'ombe akila. Basi mwaka huu nikasema tutatengeneza chati yetu, kwa Kiswahili, kwa mikono yetu. Na sisemi mikono kwa mapambo. Nasema mikono hii ya vidole vitano.

Ni kazi rahisi ukishaizoea. Unampaka mtoto rangi ya maji kiganjani, anabandika mkono kwenye karatasi, halafu unaigeuza karatasi juu chini. Vidole vinne vinakuwa miguu na dole gumba linakuwa shingo na kichwa. Ukiongeza jicho na mkia kwa makapeni, zile kalamu nene za rangi, tayari una mnyama. Herufi za Kiswahili ni ishirini na nne, na darasani nilikuwa na watoto ishirini na wanne. Nikaona Mungu mwenyewe amepanga.

Mungu alipanga, lakini herufi A alinisahaulia. Nilitafuta mnyama wake wiki nzima nikamkosa. Mwishowe nikasema A ni ya asali, na mtoto akachovya ncha za vidole kwenye rangi ya manjano, tukapata nyuki watano wakizunguka mzinga. W nayo tukaifanya ya wadudu, kwa ncha za vidole vilevile, weusi na wenye miguu mingi. Gatwiri aliniuliza kama nyuki si wadudu. Nikamwambia anywe chai yake.

Karatasi nilizipata kwa mume wangu, Ngari, ambaye ni karani katika ofisi moja ya mifugo. Walikuwa wamebadilisha fomu, na zile za zamani zilikuwa zinangoja kuchomwa, akaniletea boksi zima. Upande mmoja umeandikwa, upande wa pili mweupe pe. Mimi nikiona kitu kizuri kinaenda kuchomwa roho huniuma. Nilitupia jicho upande ulioandikwa, nikaona ni mambo ya chanjo ya mbwa, nikageuza, nikasahau.

Jumanne tukafanya kazi. Wacha tu. Karai la rangi nyekundu lilimwagika kabla ya saa nne, mmoja akajipaka kijani hadi masikioni, mwingine akakataa kunawa kwa sababu mamba wake alikuwa bado mkononi. Kila mtoto alipiga mkono mara mbili: karatasi moja ya ukutani na moja ya kupeleka nyumbani. Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi, na nilitaka wazazi waingie wakute ukuta wote umejaa.

Herufi T nilimpa Igoki. Ni mtoto mtulivu, anakaa na babu yake ng'ambo ya mto kwa kuwa mama yake anafanya kazi kiwandani Thika na huja mwisho wa mwezi. Ana dole gumba refu, na ndiyo sababu nilimpa twiga. Tulipogeuza karatasi alikaa akiitazama. Nikamwekea jicho, nikamwekea pembe mbili, nikamtia madoa. Akaniambia polepole, "Ticha, mkono yangu imekuwa twiga." Siku hiyo nzima alitembea ameuinua mkono ule usije ukaguswa.

Jumatano asubuhi, watoto wakiwa kwenye uji, babu yake akatokea mlangoni.

Mzee Ireri namfahamu kwa salamu tu. Ni mtu wa gambuti za mpira na koti zito, jua liwake mvua inyeshe. Alivua kofia, akanisalimia vizuri, akatoa mfuko wa plastiki kwenye koti, na ndani ya mfuko akatoa twiga wa Igoki amekunjwa mara nne.

"Mwalimu," akasema, "nimekuja kuchukua mkono ya Igoki."

Nikadhani ni mzaha. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Hii moja iko hapa," akasema. "Mtoto ameniambia ingine iko kwa ukuta. Nipe hiyo ingine niende."

"Mzee, hiyo ni kazi ya darasa. Ni ya siku ya wazazi."

Akaigeuza karatasi. Nyuma yake, juu kabisa, kulikuwa na nembo ya serikali, wale simba wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma wameshika ngao. Na chini kabisa kulikuwa na kisanduku cheupe cha kuwekea dole gumba. Akaweka ukucha wake juu ya simba mmoja.

"Hawa simba mimi nawajua," akasema. "Nimewaona mbeleni. Wakiwa juu, na kidole iko chini, shamba inaenda."

Ndipo nikaelewa, na hapo ndipo nilipaswa kumtafutia mzee kiti. Lakini nyuma yangu uji ulikuwa unamwagika, mtoto wa herufi K alikuwa analia, na mimi nilikuwa nimelala saa tano usiku kwa kukata herufi za karatasi ya manila za kubandika ukutani. Nikasema kwa haraka, "Mzee, hii ni fomu ya kuchanja mbwa. Haina shamba. Imeandikwa hapa."

"Nani anasema imeandikwa?"

"Si mimi hapa nasoma?"

"Ile ya kwanza pia nilisomewa na mwalimu," akasema.

Hakupaza sauti. Aliendelea kushika kofia yake kifuani. "Mimi nilileta huyu mtoto hapa ajue kusoma, ndio siku moja akiweka mkono kwa karatasi, aweke akijua. Sasa wewe umemwekesha mkono kwanza. Kusoma bado."

Maneno yale yalikuwa ya kweli, na mimi nikiambiwa ukweli asubuhi mapema kichwa huniwaka. Nikamwambia, mbele ya watoto ishirini na wanne, "Basi mchukue umfundishe mwenyewe."

Mzee Ireri alinitazama kidogo. Halafu akavaa kofia, akamwita Igoki kwa Kiembu, akamshika mkono. Ule ule mkono. Igoki aliacha uji wake mezani ukiwa nusu kikombe. Walipofika kwenye geti aligeuka kuutazama ukuta kupitia dirishani, kisha wakaenda.

Gatwiri alifuta meza zote kabla ya kuniambia kitu.

"Mwalimu Ednah, yule mzee hajui kusoma."

"Najua."

"Ulijua wakati unamwambia?"

Nilijua. Na aibu niliyoisikia siku hiyo sitaki kuisikia tena. Nikamsimulia Ngari jioni, nikitegemea atakuwa upande wangu, akaniuliza tu kama na mimi ningeweka mkono kwenye karatasi nisiyoijua. Nikakasirika na yeye pia, halafu nikaenda kulala.

Alhamisi, watoto walipoenda nyumbani, nikamtoa twiga ukutani, nikanunua majani chai na kilo ya sukari, nikavuka mto. Kila hatua nilikuwa najiambia: Ednah, leo unaenda kuomba msamaha, si kufundisha. Nilipanda kile kilima nikirudia maneno hayo kama mtoto aliyetumwa dukani.

Nilimkuta Mzee Ireri ananoa jembe. Igoki alikuwa ameketi kwenye gunia akipukuchua maharagwe. Aliponiona alisimama, halafu akamtazama babu yake, halafu akaketi tena. Hilo lilinichoma kuliko maneno yote ya jana.

"Guka," nikasema, nikamwita hivyo kwa makusudi, kama ninavyomwita baba ya mama yangu, "nilikukosea. Nilisema neno baya mbele ya mtoto. Naomba unisamehe. Na nimeleta mkono."

Akapokea karatasi kwa mikono miwili. Akamtazama twiga, akaigeuza, akawatazama simba. Kisha akamtuma Igoki aniletee kiti.

"Kaa," akasema. "Wewe una mdomo, lakini umekuja kwa miguu yako."

Tukanywa chai. Akanionyesha kwa kidole kule chini, mtoni, ambako kulikuwa na mikadamia mirefu imepangwa mistari. Zamani pale palikuwa na migomba yake, eka mbili na kidogo. Mwaka wa El Nino, akasema, watu walikuja na habari ya mradi wa maji. Kila mwenye shamba aweke kidole ili bomba lipite. Yeye akataka asomewe kwanza, kwa sababu hakuwa mjinga, alikuwa tu hajasoma. Mwalimu wa pale jirani akamsomea.

"Alisoma vizuri sana," akasema. "Alivaa hadi miwani. Alisoma maji, maji, maji. Kumbe karatasi ilikuwa inasema shamba ameuziwa."

"Aliuziwa nani?"

"Yeye mwenyewe. Huyo huyo mwenye miwani."

Bomba halikuja mpaka leo. Mwalimu alikufa, watoto wake wakapanda ile mikadamia. Na tangu siku ile Mzee Ireri hajaweka kidole kwenye karatasi yoyote. Laini ya simu anayotumia imeandikishwa kwa jina la mama Igoki. Ile pesa ya wazee inayotolewa na serikali, walimwambia ni dole gumba tu, akawaambia dole lake limestaafu. Aliyasema haya akicheka, nami nikacheka, lakini nilikuwa natazama ile eka moja na nusu iliyobaki, kahawa kidogo, migomba kidogo, ng'ombe mmoja. Ni ya Igoki na mama yake. Hawana nyingine.

"Sasa unaelewa," akasema. "Juzi mtoto ameingia hapa na furaha, guka ona twiga. Mimi nikageuza."

"Chukua basi hizi karatasi mbili uzichome," nikamwambia.

"Ukichoma yako, ingine iko kwa ofisi. Karatasi ya serikali haizaliwi peke yake. Mimi sitaki kuchoma. Mimi nataka kujua inasema nini."

"Tumpelekee chifu asome."

"Siku ile chifu alikuwa amekaa hapo kando."

"Huyo ni wa zamani. Huyu ni mwingine."

"Kiti ni ile ile."

"Pasta je?"

"Pasta," akasema Mzee Ireri, "ni kijana wa yule mwalimu wa miwani."

Nikaishiwa na watu. Nilitaka kumwambia mimi hapa sina haja na shamba lake, nina langu la kulima na silimi. Nikauma ulimi. Hapo tukasikia sauti kutoka kwenye maharagwe.

"Guka, mimi naweza kusoma."

Babu akageuka. "Wewe? Umejua lini?"

"Najua wanyama," Igoki akasema. Akaja, akachukua karatasi, akaitazama upande wa simba kwa muda mrefu, uso umekunjamana. "Huyu namwona. Na huyu. Lakini wengine nimewasahau. Wako shule kwa ukuta."

Mzee Ireri akanitazama mimi. Mimi nikatazama chai yangu.

"Kesho asubuhi," akasema, "kabla wazazi waje. Tutakuja. Lakini wewe, mwalimu, usiseme neno. Hata moja. Mtoto akikosa, mwache akose."

Nikamwambia sawa. Ngari aliposikia niliahidi kunyamaza alisema hilo angelilipia kiingilio.

Ijumaa saa moja kamili walikuwa mlangoni. Igoki alikuwa na sweta safi, na Mzee amepiga gambuti brashi. Gatwiri alikuwa amefungua madirisha, na ukuta ulikuwa unang'aa: mamba wa kijani, bata wa manjano, chura, duma, kinyonga, simba mwenye manyoya ya mikono minne. Palikuwa na pengo moja tu, la T. Mimi nikajiketisha kwenye kiti cha mtoto pale kona, magoti yamefika kidevuni, nikaziba mdomo kwa kiganja.

Mzee Ireri alitembea kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho akiangalia ile mikono. Hakuwa na haraka. Akafika kwa asali akasimama, akanusa kama asali ya kweli, akaendelea. Halafu akaitandaza karatasi ya Igoki juu ya meza, simba juu.

Ile fomu yote ilikuwa kwa herufi kubwa. Sijui kwa nini, labda serikali ikiandika hupenda kupaza sauti. Juu iliandikwa FOMU YA CHANJO YA MBWA. Mzee akachagua mwenyewe neno. Alichagua fupi kuliko yote, kwa sababu alitaka kuanza na jambo dogo.

"Hii."

Igoki akaweka kidole kwenye herufi, akaenda ukutani, akatafuta. "Hii ni ya yangeyange." Akarudi, akaweka kidole kwenye ya pili, akaenda tena. "Hii ni ya asali." Akasimama katikati ya darasa, midomo ikitembea. "Yyy. Aaa. Ya."

"Ya nini?"

"Ya tu, guka."

"Ya tu haiwezi. Lazima iwe ya kitu."

Gatwiri aligeukia dirishani mabega yakitikisika. Mimi nikaongeza kiganja cha pili mdomoni.

"Basi hii inayoifuata," Mzee akasema. "Hii ya mwisho. Ndiyo mwenyewe."

Igoki akaanza. Ya kwanza akaiona upesi: ni ya mamba. Akatamka mmm, akakimbia. Ya pili ni ya bata. Bbb. Akarudi kwa ya tatu, akaitazama, akaenda ukutani moja kwa moja kwa mamba tena.

"Hii pia ni ya mamba," akasema.

Haikuwa ya mamba. Ilikuwa ya wadudu, na wadudu walikuwa pale pale, hatua nne kulia kwake, weusi, watano, wenye miguu mingi niliyoichora mimi mwenyewe. Nilitaka kuinuka. Nilitaka hata kukohoa upande ule. Wazazi wangeanza kuingia saa mbili, na kama mtoto angesema mamba, babu angeondoka naye, na safari hii nisingekuwa na mahali pa kwenda kuomba msamaha. Nikakaza magoti nikakaa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

"Mmm, bbb, mmm," Igoki akasema, na sauti ikaanza kupotea. "Guka, haisemi kitu."

Mzee Ireri akainama juu ya karatasi. Akaenda ukutani kwa mamba, akainama pale pia, pua karibu iguse rangi. Akarudi mezani. Mtu wa kulima anajua kuangalia kitu, anaona jani lililobadilika kabla wewe hujaona mti. Akaenda tena.

"Hapana," akasema. "Hii si ile."

"Ni ile, guka."

"Kuja uone. Ya mamba miguu imesimama chini. Hii imelala kwa mgongo, miguu iko juu. Kama mbuzi amekufa." Akaanza kutembea kando ya ukuta, kidole chake kikubwa hewani, akipita herufi moja baada ya nyingine. Akasimama. "Hii hapa. Miguu juu. Hii ni ya nini?"

"Ya wadudu," Igoki akasema. "Www."

"Haya. Sasa soma."

"Mmm. Bbb. Www." Akakimbia mezani, akaona ya mwisho, hakuhitaji ukuta. "Hii ni asali tena. Aaa." Akavuta pumzi. Midomo ilitembea mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha macho yakafunguka.

"Mbwa," akasema. "Guka, ni mbwa. Ya mbwa."

"Mbwa?"

"Kama Tomi wetu."

Mzee Ireri alivuta kiti cha mtoto akaketi, akaishika karatasi karibu na macho, akaanza kushuka nayo mstari kwa mstari. JINA LA MBWA. RANGI YA MBWA. UMRI WA MBWA. JINSIA YA MBWA. Hakuwa anasoma mistari ile. Alikuwa anatafuta lile neno moja, yule aliyesimama, bata, aliyelala mgongo, asali. Na kila alipolipata aliligonga kwa ukucha.

"Huyu hapa tena," akasema. "Na huyu." Akageuza kichwa. "Na huyu." Alipofika chini, kwenye kile kisanduku cha dole gumba, MWENYE MBWA, alikuwa amepata sita.

Akaweka karatasi mezani, akaipapasa kuinyoosha.

"Karatasi yenye mbwa wengi hivi," akasema, "haiwezi kuwa ya shamba."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akatoa kitambaa akafuta macho, na akaendelea kufuta macho hata baada ya kucheka kuisha. Igoki alimpanda magotini. Gatwiri alikuwa analia wazi wazi, na mimi, ambaye bado nilikuwa nimekatazwa kusema, nilikuwa nalia ndani ya viganja vyangu viwili.

"Mwalimu, sasa unaweza kuongea," Mzee akasema.

Nilikuwa na mengi, lakini yaliyotoka ni, "Guka, karibu chai."

"Chai baadaye. Rudisha kwanza mkono ya mtoto kwa ukuta."

Nikachukua gundi. Akanizuia. Hakutaka ibandikwe. Alitaka itobolewe juu na kufungwa uzi, ili mtu yeyote akitaka kuigeuza aone nyuma, ageuze. Tukafanya hivyo. Na alipoona tumeifunga, akataka tuzitoe na zile nyingine ishirini na tatu tuzifunge vilevile, kwa sababu, alivyosema, kila mtoto ana shamba mahali. Tulikuwa na nusu saa. Mimi, Gatwiri, Mzee na Igoki tulikata uzi, tukatoboa, tukafunga, na wazazi wa kwanza walipoingia tulikuwa tumebakisha herufi Z.

Siku ile ukuta wangu ulisifiwa, lakini si kwa nilichotarajia. Kila mzazi aligeuza. Mama mmoja, Kathambi, ambaye ana mbwa watatu, aliuliza kama anaweza kuijaza moja akaipeleke. Mzee Ireri alisimama karibu na T kama askari wa benki, na kila aliyefika alimwonyesha kwa ukucha: "Hapa imeandikwa mbwa. Na hapa. Na hapa."

Walipoanza kutoka, akanijia akiwa ameshika kofia.

"Mwalimu, una karatasi ambayo haina kitu? Huku na huku?"

Nilikuwa na moja, ya manila, niliyokuwa nimeificha kwenye kabati kwa jambo la maana. Nikaileta. Hakuipokea. Akaelekeza kwa kidevu nimpe Igoki.

"Hii inasema nini?" akamuuliza.

Igoki akaiangalia. Akaigeuza, akaiangalia upande wa pili. Akaiinua dirishani mwanga upite ndani yake.

"Hakuna kitu, guka. Ni tupu."

"Pande zote?"

"Pande zote."

Mzee Ireri akavua koti lile zito, akakunja mkono wa shati. Igoki akachovya brashi kwenye rangi ya kahawia, akampaka kiganja chote, taratibu, hadi kwenye nyufa za jembe, na lile dole gumba lililostaafu tangu mwaka wa El Nino akalipaka mwisho. Akaulaza mkono kwenye karatasi, akaukandamiza, akauacha hapo muda. Nilimwona anapumua. Alipouinua, tukaigeuza juu chini.

Igoki alishika makapeni tayari. "Nikufanyie nini, guka? Ng'ombe? Simba?"

"Simba sitaki," akasema Mzee Ireri. "Nifanyie mbwa. Na uandike hapo chini mbwa, kubwa kubwa. Hiyo hata wewe huwezi kunidanganya."